Mtu anawekwaje kundi moja na kima? Jibu kwa dada wa Chake Chake

Waaleikum salaam dada yangu wa Chake. Suali lako nalifupisha hapa ili na wengine walifuate. Mwanao karudi skuli kakwambia nyangumi si samaki, popo si ndege, na mtu ni mnyama tena yumo kundi moja na kima. Ya nyangumi na popo umeyakubali lakini hili la kima limekukaa kooni. Unataka kujua hawa wataalamu wanapanga makundi kwa kigezo gani, na mtu katafautika na kima kwa kitu gani hasa mana wewe ulifundishwa ni ubongo, na ukaongeza mwishoni, kama kima ni jamaa zetu mbona wale wa msitu wa Jozani, Unguja, hawageuki watu.

Ntaanza na makundi kwasababu hapo ndo penye kufuli la mambo yote. Zamani watu walipanga viumbe kwa pahala wanapokaa na kwa wanavoonekana, cha baharini samaki, cha kuruka ndege, basi. Sayansi ya leo haiendi hivo, inapanga kwa ukoo. Inauliza nani na nani wana asili moja, na asili hiyo iko karibu au mbali, na ushahidi wake ni zile sifa za mwilini ambazo watu wa ukoo mmoja wamezirithi pamoja. Kufanana kwa nje hakutoshi mana maisha ya namna moja huwafananisha viumbe wasiohusiana kabisa.

Chukua pomboo wa Kizimkazi na jodari. Wote wana mwili wa kupasua maji na wote wana mapezi, lakini tizama mkia. Mkia wa jodari umesimama wima anaupiga kulia na kushoto, wa pomboo umelala anaupiga juu na chini. Hiyo si bahati tu, pomboo uti wake wa mgongo kaurithi kwa wanyama wa nchi kavu wa miguu minne, na mnyama wa namna hiyo akitimua mbio mgongo unajikunja juu na chini, mtizame paka anavokimbia utaona. Na ndani ya lile pezi la pomboo kuna mfupa wa mkono wa juu, mifupa miwili ya kigasha na mifupa ya vidole vitano, mkono kamili umefichwa ndani ya ngozi! Jamaa yake wa karibu aliyebaki nchi kavu ni kiboko. Sasa nguva anaishi bahari hiyohiyo na wavuvi wengi humhesabu pamoja na pomboo, lakini ukoo wake mwengine kabisa, yeye jamaa zake ni tembo na pelele, huyuhuyu pelele anayelia usiku mitini huku kwetu, na ndo mana nguva ana matiti mawili kifuani karibu na makwapa kama alivo tembo.

Popo wenu wa Pemba, wale wakubwa wa Kidike ambao hawapatikani pengine popote duniani, bawa lao ni mkono. Vidole vinne vimerefuka vikashika ngozi, dole gumba limebaki nje na ukucha wake, mwili una nywele na mtoto ananyonya. Ndege hana vidole vya namna hiyo, wala nywele, wala hanyonyeshi. Lakini kuna kisa cha popo watu wengi hawakijui na kinahusu suali lako moja kwa moja. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha utaratibu huu wa majina mawili mawili ya viumbe, mwaka 1758 aliweka kundi moja akaliita praimeti, akatia ndani mtu, kima, jamaa wa komba, na popo. Popo aliingia kwasababu Linnaeus aliangalia sifa chache tu, matiti mawili kifuani na hesabu ya meno ya mbele. Baadae ushahidi ulipozidi popo akatolewa akapewa oda yake, yaani kundi lake mbali, lakini mtu na kima walibaki, na kila kipimo kilichokuja nyuma yake, cha mifupa, cha mimba, cha damu na sasa cha DNA, kimezidi kuwathibitisha. Na tizama tarehe dada yangu. Charles Darwin, yule wa nadharia ya mabadiliko ya viumbe, alitoa kitabu chake 1859, yaani miaka 101 baada ya hapo. Linnaeus hakuwa na habari na mambo ya mabadiliko ya viumbe, alikuwa mtu wa dini anaeamini uumbaji, alihesabu viungo tu na viungo vikampeleka hapo. Kwahiyo hili la mtu kukaa na kima halikuanza na Darwin wala halikuletwa na mtu aliyetaka kumshusha binadamu.

Na mambo ya roho, ya dhima na ya akhera hayamo kwenye elimu hii hata kidogo, hayo yana wenyewe waliyoyasomea na uwaulize wao. Mimi nakujibu kuhusu mwili, meno, mifupa, damu, na mwili wetu hauna siri, unasema wenyewe ulikopita.

Basi anwani ya mtu iko hivi: himaya ya wanyama, ndani yake wenye uti wa mgongo, ndani yao ngeli ya mamalia, halafu oda ya praimeti, familia moja na masokwe, jenasi Homo, spishi sapiens. Hayo mwanao ayaweke kichwani kwa ajili ya mtihani, lakini raha ya somo hili si kukariri, raha yake ni kuona kwamba kila ngazi ina alama yake mwilini mwako na kila alama ina umri wake.

Anza na komba, mana na nyie Pemba mnae. Komba ni praimeti kama sisi lakini wa mbali, njia zetu ziliachana zaidi ya miaka milioni 60 nyuma. Tunachoshirikiana nae ni mkono wa kushikia, kucha bapa badala ya makucha, macho yanayotizama mbele yote mawili kwa pamoja, vitu vya mnyama wa kuishi matawini anaetakiwa apime umbali kabla hajaruka. Lakini komba pua yake imelowa kama ya mbwa, kidole cha pili cha mguu kina ukucha mrefu wa kujichania, haoni rangi kama sisi, na meno yake ni 36.

Sasa kima. Mwambie mwanao ahesabu meno ya mtu mzima, nusu ya taya moja tu: mawili ya mbele, chonge moja, magego madogo mawili, magego makubwa matatu, jumla 8, mara nne ni 32. Kima punju, ndo hao kima wa Jozani, ana 32, kwa mpangilio huohuo. Tumbili vilevile. Pua zao kavu, matundu yameelekea chini, macho yao yanaona rangi tatu za msingi kama yetu wakati mbwa na paka wanaona mbili, na faida yake ni kulijua tunda lililoiva na jani changa jekundu ndani ya majani ya kijani.

Ushahidi ninaoupenda mimi kuliko yote ni wa vitamini C. Mbuzi wako hali chungwa wala ndimu na hapati kiseyeye, kwasababu mwili wake unajitengenezea vitamini C wenyewe, na komba pia anatengeneza. Mtu hawezi, kima hawezi, sokwe hawezi. Na si kwamba jeni ya kazi hiyo, yaani kile kipande cha DNA chenye maelekezo yake, hatuna, tunayo, imo ndani ya DNA yetu lakini imekufa, imeharibika tangu zamani, na kima wanayo hiyohiyo ilokufa. Mtu anaweza kubisha kwamba vitu vizuri vinaweza kufanana bila ya udugu, sawa, lakini mbovu kurithiwa ukoo mzima, wote waliomo ndani ya ukoo hawana uwezo huo na walio nje kidogo tu wanao, hapo mimi sina njia ya kuieleza isipokuwa asili moja.

Hapa ndo nikutoe wasiwasi wa kwanza. Hakuna mtaalamu anaesema kima punju ni babu yako. Mtoto wa ami yako mna babu mmoja lakini yeye si babu yako, na wewe hukuzaliwa nae, na kila mmoja katoka babu yule akaenda na maisha yake. Kima na sisi ni hivohivo, ila babu yupo mbali sana. Na mifupa ya kuonesha kuachana huko imepatikana nchini mwetu, bonde la Rukwa huko bara, taya na meno ya miaka milioni 25 hivi, kiumbe mmoja upande wa masokwe na mwengine upande wa kima, ilitangazwa mwaka 2013 na ni katika mabaki ya zamani kabisa ya koo hizo mbili. Kwahiyo wakati huo tayari walikuwa kila mtu na njia yake.

Upande wa masokwe, ambako na sisi tumo, walipoteza mkia wakapata bega jengine. Kima anatembea juu ya tawi kwa miguu minne, bega lake linakwenda mbele na nyuma. Sokwe anajining'iniza chini ya tawi, bega lake linazunguka mpaka juu ya kichwa, kifua kimetanuka kwa upana. Msimu wa karafuu mtizame mchumaji, kashika tawi juu kwa mkono mmoja, mwengine unachuma pembeni na mwili wote unalala hewani. Lile bega lake ni la zamani mno, lina umri wa mamilioni mengi ya miaka kuliko mtu mwenyewe. Na mkia haukupotea bila ya alama, mtoto akiwa tumboni wiki za mwanzo huwa na mkia mdogo halafu unarudi ndani, kinachobaki ni kifandugu. Mwaka 2024 watafiti walieleza kwamba kuna kipande kidogo cha DNA kilichojipachika ndani ya jeni inayoitwa TBXT, watu na masokwe wote wanacho, kima hawana, na walipoiga hali hiyo kwa panya wa maabara walizaliwa panya wenye mkia mfupi na wengine bila mkia kabisa.

Katika masokwe wote aliye karibu na sisi ni sokwe mtu, wale wa Gombe na Mahale, na mwenzake bonobo wa Kongo. Ukilinganisha DNA yetu na yao herufi kwa herufi pale inapolingana tafauti ni kama asilimia 1.2 tu. Tuliachana nao miaka kama milioni 6 au 7 nyuma.

Haya, sasa ndo nifike kwenye suali lako la kati, kitu gani kinamtofautisha mtu. Ulifundishwa ubongo, na si wewe peke yako, hata wakubwa wa sayansi karne ilopita walitegemea ubongo ndo ulitangulia. Mifupa imekataa. Kilichotangulia ni miguu.

Nenda ufukweni maji yakitoka, kwenye mchanga uliolowa, ukanyage halafu urudi nyuma uutizame unyayo wako. Kisigino kimezama, katikati upande wa ndani pamenyanyuka kwasababu unyayo una upinde, na kidole gumba kimelala sambamba na wenzake kinaelekea mbele. Sokwe hana hivo, gumba lake la mguu limetoka pembeni kama la mkono, anashikia tawi nalo. Sasa Laetoli, bara karibu na Ngorongoro, mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za viumbe waliopita juu ya jivu la volkano lililolowa, jivu likaganda likawa jiwe. Kisigino kimezama, gumba limeelekea mbele, wanatembea kwa miguu miwili hawagusi mikono chini, na umri wake ni kama miaka milioni 3.6. Viumbe wa zama hizo ubongo wao ulikuwa kama sentimita za ujazo 450. Wa sokwe mtu leo ni kama 400, wetu ni kama 1,350. Umeona? Walitembea kama sisi wakiwa na ubongo karibu sawa na wa sokwe, ubongo ulikuja kukua baadae sana.

Kusimama huko kuligeuza mwili mzima. Tundu la fuvu linalopitisha mishipa ya fahamu kushuka mgongoni likahamia katikati chini ya kichwa, kwa sokwe liko nyuma zaidi, na ndo mana mtaalamu akiokota kipande cha fuvu tu anaweza kusema mwenyewe alikuwa anasimama au la. Uti wa mgongo ukapata mikunjo, nyonga zikawa fupi na pana kama bakuli za kubebea matumbo, mifupa ya mapaja ikaingia ndani magotini ili nyayo zije chini ya mwili, sokwe hana hilo ndo mana akisimama kwa miguu miwili anayumba. Na kuna gharama zake, mgongo unaotuuma uzeeni ni mgongo ulioanza kazi ukiwa umelala kama daraja la wanyama wa miguu minne kisha ukasimamishwa.

Gharama kubwa zaidi mnailipa nyinyi wanawake. Nyonga za kutembelea haziwezi kutanuka ovyo, njia ya uzazi ikabanwa na kujipinda, halafu mamilioni ya miaka baadae kichwa cha mtoto nacho kikakua. Kwahiyo mtoto wa mtu analazimika kujigeuza akiwa njiani, na mara nyingi hutoka uso umeelekea mgongo wa mama, si rahisi mama amvute na kumsafisha pua mwenyewe kama anavofanya mama kima. Kuna wataalamu wanaosema hapo ndo ilipoanza haja ya mtu kusaidiwa kuzaa, yaani ukunga ni kazi ya kale pengine kuliko zote tulizonazo, na mimi naona wana hoja. Halafu mtoto mwenyewe anazaliwa ubongo wake haujafika hata thuluthi ya ukubwa atakaokuwa nao, hajiwezi kwa lolote, anataka kulelewa miaka na miaka.

Na hapo anaingia bibi. Wanawake wetu wanaacha kuzaa halafu wanaishi miaka mingi mbele wakiwa na nguvu zao, jambo ambalo kwa wanyama ni nadra sana, baadhi ya nyangumi wanalo. Watafiti waliokaa na Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi waliona mabibi wale wanachimba mizizi kwa bidii kubwa na wajukuu wanakula kwa jasho lao, ikawaingia akilini kwamba pengine ndo sababu ya umri ule, ukoo wenye bibi unalea watoto wengi zaidi. Mimi hili nalihesabu ni sifa ya binadamu sawasawa na dole gumba.

Jasho nalo tusilisahau. Mtu ana tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, ngozi iko wazi, nywele zimebaki laini na fupi. Mnyama mwenye manyoya akikimbizwa juani anahema mpaka anasimama, mtu anatoka jasho na anaendelea, si kwa kasi lakini kwa umbali. Mikono nayo ilipoachwa huru ikapata gumba refu lenye nguvu linalofika ncha ya kila kidole, vifaa vya mawe vya zamani kabisa vilivojulikana vimepatikana Lomekwi, Kenya, miaka milioni 3.3. Baada ya yote hayo ndo ubongo ukapanda, ubongo ambao ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya nguvu zake, kitu ghali hivo hukiwezi mpaka uwe na chakula cha uhakika na watu wa kukusaidia kulea. Mabaki ya zamani ya spishi yetu hasa yamepatikana Jebel Irhoud, Moroko, miaka kama 300,000.

Mwisho hili la kima wa Jozani kutogeuka watu. Dada yangu, hawakuwa safarini kuja kwetu, wana safari yao na wamekwenda mbali. Kima punju tumbo lake lina vyumba kadhaa, linachachua majani ambayo wewe ukiyala yatakudhuru, na wale wanaokaa karibu na mashamba wanakula mkaa ulioachwa na watu ili kupunguza sumu za majani ya miembe na mikungu. Dole gumba la mkono kwao limebaki kinundu tu, wanashika tawi kwa vidole vinne kama ndoano na wanaruka vizuri. Hiyo ni hatua yao, kwa maisha yao, si upungufu.

Na kwanini kima punju kwa asili wako Unguja tu? Miaka 20,000 nyuma bahari ilikuwa chini zaidi ya mita 100 kuliko leo, na mkondo wa baina ya Unguja na bara hauna kina kikubwa, kwahiyo palikuwa nchi kavu. Pango la Kuumbi kule Jambiani limetoa zana za mawe na mifupa ya pundamilia na nyati, watu walikuwa wakiwinda hapo. Maji yalipopanda Unguja ikabaki kisiwa na kima wake wakabadilika peke yao. Pemba mkondo wake una kina cha mamia ya mita, hakuna kima alievuka kwa miguu wakati huo. Kwahiyo mkienda msitu wa Ngezi mkamuona kima punju, huyo ni kizazi cha wachache waliopelekwa na watu mwaka 1974, wenyeji wenu ni komba na tumbili. Mtizameni mkono wake huyo kima, mwanao atakiona kile kinundu cha gumba, ila msimpe ndizi mbivu wala embe bivu, tumbo lile la kuchachua majani halihimili sukari.